Spinachi chini ya theluji: inapandwa Septemba, inachumwa Machi

Assalamu alaykum na habari za huko, ndugu zangu wa Tanga. Shikamooni wazee. Nawasalimu wa Ngamiani, Makorora, Pongwe, na nyinyi wakulima wa kabichi na karoti huko juu Lushoto. Leo tuko bustanini nyuma ya nyumba hapa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Ni Februari. Hiyo nyeupe ni theluji, na hii ninayoifunua ni spinachi, mbichi kabisa.

Swali linalorudi kila video ni hili: mboga inakuaje kwenye baridi kama hiyo? Haikui. Ilishamaliza kukua Novemba, sasa imesimama tu, iko hai, inangoja mwanga. Mkilishika hilo, mengine yote yatakuwa mepesi.

Tanga urefu wa mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Huku, kuanzia katikati ya Novemba hadi mwishoni mwa Januari, mchana haufiki urefu wa saa 10. Chini ya hapo mboga za majani hukaribia kusimama kabisa, hata ukizipa joto. Kwa hiyo tarehe unaihesabu kwa kurudi nyuma. Mche unatakiwa uingie kwenye baridi ukiwa na majani 4 hadi 6 na mizizi iliyoshika, basi mbegu za spinachi zinaingia ardhini nusu ya kwanza ya Septemba. Ukiwahi sana Agosti, udongo ukipita nyuzi joto 30 mbegu zinaota kwa tabu. Ukichelewa hadi mwisho wa Oktoba, unaingia na vimche vya majani mawili, na hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza.

Tuta linyanyuliwe sentimita 15 hadi 20, upana mita moja, na mboji iliyoiva ichanganywe vizuri. Msidharau huo mwinuko. Mboga nyingi huku haziuawi na baridi yenyewe, zinaoza kwa sababu mizizi imekaa kwenye maji.

Sasa kifuniko. Vipande vya nondo vya sentimita 60 vinapigwa nusu ardhini pande zote mbili za tuta, kila baada ya mita moja. Juu yake unavisha bomba la plastiki la nusu inchi, urefu mita 2, unalikunja liwe upinde. Kisha kile kitambaa cheupe chepesi cha bustani, upana mita 3, ili kibaki cha kutosha kukandamizwa kwa mifuko ya mchanga. Mawe yenye ncha yanakichana. Na kitambaa kisilale juu ya majani, kwa sababu kikilowa na kuganda, jani linagandia hapo hapo.

Njooni karibu muone jani hili. Limelala, limekuwa jeusi kidogo, ukiligusa ni gumu kama kioo. Mtu angesema limekufa. Msilichume sasa! Baridi inapoingia, mmea huongeza sukari kwenye majani, na sukari hiyo inasaidia seli zisipasuke. Ndiyo maana spinachi ya msimu huu ni tamu kuliko ya Juni. Lakini ukilichuma likiwa limeganda, likiyeyuka jikoni linakuwa ute. Subiri mchana liyeyuke likiwa kwenye shina, lisimame lenyewe, ndipo uchume majani ya nje na kuacha kitovu.

Hatari nyingine ni jua. Siku ya jua kali chini ya kifuniko panapata joto la kushangaza, mmea unalegea, halafu usiku unapigwa na baridi ghafla. Funua ncha mbili asubuhi, funga kabla jua halijazama. Wa Pongwe, tafadhali msichukue kitambaa hiki mkafunikia mchicha, mtauchemsha. Kwenu huko kinachofaa ni chandarua cha kuzuia wadudu.

Mwishoni mwa Februari na Machi udongo unaganda usiku na kuyeyuka mchana. Maji yakiganda yanatanuka, yanausukuma mche juu kidogo kidogo hadi mizizi inatoka nje. Pita kila baada ya siku chache, uukandamize kwa vidole. Matandazo ya majani makavu yanapunguza sana tatizo hili.

Mwishoni mwa Aprili mchana umekuwa mrefu, spinachi inaanza kutoa bua la maua na majani yanageuka machungu. Hapo ng'oa yote, mwezi Mei tuta linachukua nyanya.

Kitunguu thomu kiko tuta la pili. Punje kubwa zilipandwa katikati ya Oktoba, ncha juu, kina cha sentimita 5, nafasi ya sentimita 15, juu matandazo ya sentimita 10. Mavuno ni mwisho wa Juni au Julai, majani ya chini yakishakauka. Mlioko pwani mnaouliza kwa nini chenu kinatoa majani tu, au kitunguu kimoja cha mviringo kisicho na punje: kinahitaji wiki kadhaa za baridi, chini ya nyuzi joto 10, ndipo kigawanyike. Pwani ya Tanga haina baridi hiyo. Jaribuni kuziweka punje za mbegu kwenye friji, si kwenye friza, kwa wiki 6 hadi 8 kabla ya kupanda, na mzipande miezi ya Juni na Julai hali ya hewa inapopoa. Kwa waliopo Lushoto kazi itakuwa nyepesi zaidi.