Tabaka Nene si Mvua Nyingi: Kusoma Kaskazi na Kusi katika Tope la Ziwa Challa

Ndugu wasikilizaji, Ziwa Challa liko mpakani mwa Kenya na Tanzania, mashariki mwa Kilimanjaro. Ni ziwa la kreta, kina chake kinapita mita 90, na maji ya chini hayana oksijeni. Hiyo ndiyo bahati yetu: hakuna minyoo ya kuvuruga tope, kwa hiyo mwaka huacha jozi ya mistari, mweupe na mweusi, yenye unene wa takriban milimita moja.

Wengi wakiona jozi nene husema mvua ilinyesha sana. Hapa mambo ni kinyume. Mstari mweupe ni magamba ya diatomu, mwani wenye ganda la silika. Kusi ikivuma, hewa hupoa, maji ya juu huzama, rutuba ya chini hupanda na diatomu huzaana. Mwaka mkavu wenye upepo mkali hunenepesha mstari. Mwaka wa El Niño, vuli ikizidi, mstari huo huwa mwembamba.

Kuchimba kuna adabu yake. Tope la juu ni uji, kwa hiyo huchukuliwa peke yake kwa bomba fupi linalozama kwa uzito wake. Kisha huja bomba la pistoni, linalotoa tope kipande kwa kipande, na shimo la pili pembeni, viungo vyake vikipishana na vya shimo la kwanza, maana penye kiungo miaka hupotea. Sampuli hukaa kwenye nyuzi 4 zisikauke wala kuota ukungu.

Umri wa tope ndio unaoangusha wengi. Kaboni-14, kaboni yenye mnururisho, hupungua nusu kila miaka 5,730, na hufaa hadi miaka kama 50,000. Ukipima tope zima, kaboni kuukuu iliyoyeyuka majini hukupa umri uliozidi, pengine kwa mamia ya miaka. Tafuta jani au mkaa wa nchi kavu. Ukikosa, linganisha na risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho inayopima umri wa tope la karibuni, kwenye tope la juu, upate tofauti ya kuondoa. Ila tofauti hiyo hubadilika kina cha ziwa kikibadilika, usiitumie kwa upofu.

Matokeo ya tope la Challa la miaka 25,000, yaliyotolewa 2009, yalionyesha mvua ikipanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka kama 11,500, nusu ya mzunguko wa kuyumba kwa mhimili wa dunia. Sababu ni ikweta yenyewe: jua huwa la utosi mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na kila moja ya miezi hiyo hupata zamu yake ya dunia kulikaribia jua.