Aliyepooza Bado Ana Kauli Nyumbani Kwake

(Mhadhara kwa familia zinazouguza, Ujiji, Kigoma)

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi mama zangu mliomwachia jirani mgonjwa ili mfike hapa, nawashukuru kwa namna ya pekee. Najua saa moja ya kutoka nyumbani mnavyoipata kwa taabu.

Nimeitwa nizungumzie kuuguza mtu aliyepatwa na kiharusi. Kazi yangu ni uuguzi, na nyumba nyingi ninazoingia mgonjwa anapendwa kweli. Analishwa, anaogeshwa, anafunikwa vizuri. Lakini hakuna anayemuuliza kitu. Hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Ugonjwa wenyewe nitaupitia upesi. Kiharusi hutokea damu isipofika sehemu ya ubongo, ama mshipa umeziba, ama umepasuka. Ubongo wa kushoto ndio unaotawala upande wa kulia wa mwili, na wa kulia unatawala kushoto. Presha ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Hapa kwetu tunakula dagaa na migebuka iliyotiwa chumvi, na chumvi ya Uvinza tumeikuta tangu enzi za mababu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuingia kwenye samaki. Basi mloweke, mwage maji yale, ndipo mpike. Na dawa za presha hazina siku ya kumaliza dozi kama za malaria. Ukipimwa ukaambiwa presha imeshuka, imeshuka kwa sababu unameza dawa. Endelea kumeza.

Mkiona mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, tafuteni bajaji wakati huohuo. Msimpe maji wala uji. Najua katika nyumba nyingi wa kwanza kuitwa ni mganga, kwa kudhani ni upepo mbaya. Siwakosei adabu wazee wangu, lakini saa zile za mwanzo ni za hospitali.

Sasa mgonjwa ametoka hospitali ya Maweni, yupo nyumbani. Hapa ndipo nataka tukae.

Mfikirie baba wa makamo, mvuvi, mkono wa kulia hauinuki tena. Ugali ukiletwa, atakula kwa mkono upi? Sote tumelelewa kwamba wa kushoto hauingii kwenye sahani. Nimewaona wanaume wanaokataa kula mbele ya watu kwa sababu hiyo tu. Familia inasema "baba hana hamu ya chakula", kumbe hamu anayo, anaona haya. Matokeo yake analishwa chumbani peke yake, kwa kijiko, kama mtoto, na kidogo kidogo baba anatoka kwenye maisha ya nyumba yake. Masheikh wetu mliopo hapa mnajua kwamba mwenye udhuru hana lawama: anakula kwa mkono alionao, anasali amekaa, akishindwa anasali amelala, na asiyeweza maji anatayamamu, yaani anajitwaharisha kwa udongo. Nawaombeni mlitamke hilo msikitini, kwa sauti, siku ya Ijumaa. Likitoka kwenu, baba yule atarudi kwenye mkeka na wenzake. Mimi nikimwambia ataona namfariji tu.

Kuna wengine kiharusi kimewachukua maneno. Anataka kusema "maji", linatoka neno jingine, au halitoki kabisa. Watu wanasema akili imeruka, wanaanza kumzungumzia akiwa palepale: tumuuze ng'ombe wake au tusimuuze, huyu atapona au hatapona. Anasikia, na mara nyingi anaelewa mengi kuliko mnavyodhani! Muulizeni swali fupi, moja kwa wakati mmoja, linalojibika kwa ndiyo au hapana. Kubalianeni ishara: akibana mkono wako ni ndiyo. Kisha subiri. Wengi tunashindwa hapo kwenye kusubiri, tunamjibia. Kama shamba ni lake au mtumbwi ni wake, msiuze mpaka aulizwe kwa njia hiyo.

Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Hucheka kidogo, hulala sana au halali, hataki mazoezi. Mkidhani ni ukaidi mtamkaripia. Mwambieni daktari, ina matibabu.

Halafu kazi. Mama aliyezoea kuanika dagaa Kibirizi, mkono mmoja ukiwa mzima, anaweza kukaa akachambua mchanga na uchafu. Atachukua muda mrefu. Mwacheni achukue. Kujifunga kanga kwa mkono mmoja kunajifunzwa, kuvaa gauni kunajifunzwa: mkono mgonjwa unatangulia kuingia kwenye nguo, na wakati wa kuvua unakuwa wa mwisho kutoka. Nafuu kubwa huonekana katika miezi 3 ya mwanzo, lakini haikomi hapo, hivyo mazoezi mliyofundishwa msiyakatize kwa sababu mwezi wa nne umefika. Kila mnachomfanyia ambacho angeweza kukifanya mwenyewe, mnamnyima zoezi la siku hiyo. Najua ni vigumu kumtazama mama yako akihangaika na kifungo. Kaa karibu, usimfungie.

Sasa nigeuke kwa anayeuguza, na hapa nitasema kwa uchungu. Mara nyingi huyo ni mkamwana, au ni binti wa miaka kumi na kitu aliyeachishwa shule "kwa muda". Muda huo hauishi. Kaka zake wanatuma pesa kutoka Dar es Salaam na kupiga simu kuuliza hali ya mzee. Pesa ni msaada, lakini pesa haimgeuzi mtu saa nane usiku. Nasema wazi: mtoto wa shule asiwe ndiye muuguzi wa nyumba. Wakae ndugu wote, wapange zamu, nani Jumamosi, nani usiku, nani anakwenda kliniki. Na wanaume waingie kwenye zamu hizo. Baba anaona unafuu kuogeshwa na mwanawe wa kiume, hasa kwa ajili ya stara yake. Anayeuguza apate siku ya kwenda sokoni Mwanga, harusini, hata kulala tu mchana. Asipopumzika ataumwa mgongo, ataumwa moyo, na hasira zitamwangukia mgonjwa.

Mkono ambao haukurudi ni ulemavu, na nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Msione haya kujiandikisha kwenye mtaa. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani, kwa hiyo hamko peke yenu. Katika mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii mkaulizie masharti.

Nimebakiza vitu vya mikono, na hivi siwezi kuviacha kwenye maneno. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, la sivyo vidonda vitatokea kwenye kisigino, nyonga na juu ya makalio. Msimvute kwa mkono uliopooza, bega litachomoka. Akila, aketi wima, akimaliza abaki ameketi nusu saa, akikohoa kila anapomeza mrudisheni hospitali. Fimbo aishike kwa mkono mzima.

Sasa naomba tusogeze viti pembeni, mkeka uje katikati. Nataka kijana mmoja alale hapa, ajifanye upande wa kulia umelegea, na mkamwana mmoja, aliye mwembamba kuliko wote humu, aje nimwonyeshe namna ya kumgeuza bila kuumiza mgongo wake. Wanaume msiende kuvuta sigara, zamu yenu inafuata.