Mkanda Uliookolewa na Karani

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie kanda adimu za matangazo ya katuni tulizokulia. Mshika mbili moja humponyoka, kwa hiyo nitaushika mkanda mmoja tu, wa Sailor Moon.

Wengi mnamjua yule binti wa shule, mwepesi wa kulia, asiyependa kusoma, anayepewa nguvu za kubadilika ili apambane na maadui. Naoko Takeuchi alianza kumchora kwenye gazeti la vibonzo huko Japani mwishoni mwa 1991. Machi 1992 kampuni ya Toei ikaanza kumtoa kwenye televisheni, na hadi Februari 1997 vilikuwa vimefika vipindi 200.

Kabla hajafika Marekani, watu waligombea nani amlete na amlete vipi. Mwaka 1993 Power Rangers ilikuwa imewashika watoto wa huko: picha za mapigano kutoka Japani, zikaunganishwa na waigizaji wa Kimarekani. Kampuni ya Renaissance Atlantic ikaona njia hiyo inalipa, ikashirikiana na studio iitwayo Toon Makers. Hawa hawakutaka hata kuitumia ile katuni ya Japani. Walianza upya kabisa. Sailor Moon na mabinti wenzake wakiwa shuleni ni waigizaji halisi. Wakishabadilika, wanageuka katuni iliyochorwa Marekani. Paka Luna, ambaye sote tunamjua mweusi, akawa mweupe. Mabinti wakawa wa asili mbalimbali, na mmoja wao anatumia kiti cha magurudumu. Halafu wanapaa angani wamesimama juu ya mbao zenye matanga, kama wanaocheza kwenye mawimbi ya bahari. Kipindi cha majaribio kilikuwa cha kama dakika 17, na kando yake kulikuwa na video ya muziki ya dakika mbili ya kuinadi kazi hiyo.

Wanunuzi walikataa. Haki zikaenda kwa kampuni nyingine, DIC, ambao waliichukua katuni ya Kijapani, wakaikatakata kidogo, wakaitia sauti za Kiingereza na kuirusha mwaka 1995.

Hapa naomba tutulie kidogo. Mkanda wa kunadi kipindi hautengenezwi kwa ajili ya mtoto. Unatengenezwa kwa ajili ya watu wachache wenye hela, waliokaa kwenye chumba cha mkutano. Wakisema hapana, kazi yake imekwisha siku hiyo hiyo. Haukutangazwa gazetini, haukurushwa hewani, hakuna mtoto aliyeurekodi sebuleni kwenye VHS. Kipindi kilichorushwa kinaweza kusalia kwenye kanda za watazamaji hata kituo kikipoteza nakala yake. Mkanda wa kunadi hauna watazamaji wa kuuponya. Ndiyo maana nasema mapenzi ya mashabiki, ambayo huwa tunayasifia sana, hapa yalikuwa hayana cha kushika.

Ila kuna kipande kidogo kilichoponyoka. Ile video ya dakika mbili ilionyeshwa kwenye mkutano wa mashabiki wa katuni za Kijapani huko Marekani, miaka hiyo hiyo ya tisini, na mtu aliyekaa ukumbini akairekodi kwa kamera yake. Picha ni mbovu, na juu yake unasikia ukumbi mzima unaangua kicheko. Nakala hiyo ndiyo iliyozunguka kwenye intaneti kwa miaka mingi. Fikirini, kazi ya watu inakufikia ikiwa imeshahukumiwa, kicheko kimo ndani ya mkanda wenyewe! Watu wakaibandika hata jina, Saban Moon, kwa kuwa kampuni ya Saban ndio waliotengeneza Power Rangers. Saban hawakuhusika. Uvumi tu, lakini uliota mizizi kwa sababu hapakuwa na mkanda wa kuukanusha.

Mpaka Agosti 2022. Mtengeneza video wa YouTube anayejiita Ray Mona alitoa filamu ndefu ya uchunguzi wake, na ndani yake kipindi chote cha majaribio, kisafi, bila kicheko. Na alikipata wapi? Maktaba ya Bunge la Marekani.

Nchini Marekani, ofisi ya hakimiliki iko chini ya maktaba hiyo. Ukiandikisha kazi yako, unaacha nakala. Hakuna anayekuuliza kama kazi ni nzuri au ilinunuliwa. Karani anapokea, anaingiza kwenye orodha, mkanda unakwenda rafuni. Hazina yao ya filamu na sauti siku hizi iko Culpeper, Virginia, ndani ya handaki ambalo benki kuu yao ililijenga enzi za Vita Baridi ili kuficha noti. Mimi hilo hunifurahisha kuliko katuni yenyewe.

Nilipoutazama mzima, maoni yangu yalibadilika nusu. Michoro ni ya haraka na uigizaji ni wa kubahatisha, hilo sifichi. Lakini kumweka binti wa kiti cha magurudumu awe shujaa sawa na wenzake, kwenye katuni ya watoto ya miaka hiyo, si jambo la kuchekwa. Kwenye ile nakala ya ukumbini hilo lilimezwa na kelele.

Kuna atakayenibishia kwa Doraemon ya kwanza, ile katuni ya Kijapani ya paka roboti, ya Aprili hadi Septemba 1973. Studio yake ilivunjika, nakala nyingi zikapotea, na sehemu ya zilizosalia tunazo kwa sababu mmoja wa waliofanya kazi humo, Jun Masami, alizitunza mwenyewe. Nakubali, mtu mmoja naye huokoa. Ila yeye alikuwa ndani ya studio. Shabiki hakuwa na ufunguo.

Kwa hiyo swali langu ni kwenu mnaochora katuni, Dar na Nairobi. Ile video mliyompelekea mfadhili akaikataa iko wapi? Kama iko kwenye kompyuta moja ya ofisi, toeni nakala, kisha mkaiandikishe kwenye ofisi za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania au KECOBO ya Kenya, hata kama mnaionea haya.

Sasa fundi atuwashie projekta. Mkitaka kucheka zile mbao zikianza kupaa, chekeni. Mimi mwenyewe hushindwa kujizuia.