Usiimulike Ndege: Leza, Rubani na Zile Sekunde za Kutua

MWANAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Mwanaidi, niko hapa Dar es Salaam na kaka yangu Baraka. Leo tuna jambo moja tu mezani: vile vitochi vya leza, na watu wanaovielekeza kwenye ndege usiku.

BARAKA: Na kuna msikilizaji atasema hajawahi kuiona leza ikimmulika mtu. Ameiona. Machi 2022, Senegal na Misri, kule Diamniadio, mechi ya kuwania Kombe la Dunia. Mohamed Salah anaweka mpira apige penalti, uso mzima wa kijani. Akaupaisha juu ya lango. Baadaye FIFA wakaipiga faini Senegal, faranga za Uswisi 175,000, kwa makosa kadhaa ya siku ile, leza zikiwamo.

MWANAIDI: Nimefurahi umeanzia hapo. Hebu niambie, pale usoni kwa Salah uliona nukta au uliona doa?

BARAKA: Madoa. Makubwa, yanacheza shavuni, machoni, hadi kifuani.

MWANAIDI: Basi hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Ukiwa sebuleni, ukamulika ukutani, unapata kijinukta cha ukubwa wa punje ya mchele. Unaamini nukta hiyo itabaki hivyo hivyo hata ukimulika juu. Haibaki. Leza ya kawaida ya mkononi hutanuka kama mita moja kwa kila kilomita. Kutoka jukwaani hadi kwenye sanduku la penalti, tuseme mita 100, tayari una duara la sentimita 10. Kwa ndege iliyo umbali wa kilomita tatu, ni duara la mita tatu. Hilo linafunika vioo vya mbele vya chumba cha marubani.

BARAKA: Kwa hiyo yule aliye chini anadhani anachezesha nukta kwenye bawa...

MWANAIDI: ...na rubani anaona chumba kizima kimegeuka kijani. Tena kioo cha ndege hakiwi safi kama cha dirisha jipya. Kina mikwaruzo midogo midogo ya mchanga, mvua na wadudu. Mwanga ukigonga ile mikwaruzo hutawanyika, na kioo chote kinawaka.

BARAKA: Sasa nikubane kidogo, dada. Mwanga ukitanuka, si unapungua nguvu? Mita tatu upana, kilomita tatu mbali. Huyo rubani anaumia nini?

MWANAIDI: Unapungua, ni kweli, na hili nataka tuliseme wazi kwa sababu watu wakitishwa kwa uongo wakigundua hawasikilizi tena. Leza ya kijani ya miliwati 5, yaani kipimo cha nguvu ya mwanga wake, ambayo nchini Marekani ndiyo kikomo cha leza za kuonyeshea, inaweza kudhuru jicho hadi umbali wa mita 16 hivi. Rubani aliye angani hatobolewi jicho na kifaa hicho. Lakini ile hali ya kupigwa na mwanga ukabaki huoni kitu kwa muda inafika mita 80. Mng'ao unaokuzuia kuona kilicho nyuma yake unafika kama mita 350. Na mwanga wa kumshtua tu na kumtoa rubani kwenye kazi yake unavuka kilomita tatu na nusu.

BARAKA: Hiyo ni miliwati 5.

MWANAIDI: Hiyo ni miliwati 5 ya kweli. Mwaka 2013, NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, ilitoa matokeo ya kupima leza 122 zilizonunuliwa madukani. Za kijani, asilimia 90 hazikutimiza kanuni za usalama. Nyekundu, asilimia 44. Lebo inasema kitu kimoja, kifaa kinatoa kingine. Na ukipata ya miliwati 500, ambayo mtandaoni inauzwa kama mchezo, umbali wote niliotaja unazidishwa mara kumi. Zile mita 16 zinakuwa 160. Ule mng'ao wa mita 350 unakuwa kilomita tatu na nusu.

BARAKA: Mungu wangu. Na kwa nini za kijani ndizo zinalalamikiwa zaidi?

MWANAIDI: Jicho lenyewe. Jicho la binadamu linaona kijani kwa wepesi kuliko rangi nyingine, na usiku ndiyo zaidi. Nguvu ileile, nyekundu inaonekana hafifu, kijani inawaka.

BARAKA: Nipeleke ndani ya chumba cha marubani sasa. Ni saa mbili usiku, ndege inatua.

MWANAIDI: Chukua ndege ya kawaida ya abiria, inakuja kama kilomita 260 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya mita 70 kila sekunde. Ndani taa zimepunguzwa sana, makusudi, ili macho ya marubani yazoee giza na waone taa za uwanja. Mboni zimefunguka. Sasa, hata pale ambapo mitambo inaiongoza ndege kushuka, mara nyingi ikifika futi 200, yaani kama mita 60 kutoka ardhini, rubani lazima awe ameona taa za uwanja kwa macho yake mwenyewe. Asipoziona, anapandisha ndege tena. Kutoka hapo hadi magurudumu kugusa ni kama sekunde 17.

BARAKA: Sekunde 17.

MWANAIDI: Na katika hizo, ndiyo mwanga unaingia. Kwanza anashtuka. Pili, haoni taa za uwanja, anaona kijani. Tatu, hata mwanga ukiondoka, doa linabaki ndani ya jicho, kama unavyopigwa picha ya flashi, na kila anapotazama, doa liko katikati. Anatazama kipimo cha mwendo, doa. Anatazama kipimo cha urefu, doa.

BARAKA: Wanafundishwa wafanye nini?

MWANAIDI: Kutotazama ulikotoka mwanga, ingawa kila mtu angetamani kutazama. Kuzuia kwa mkono au kwa kile kikinga jua. Kuongeza taa za ndani. Kutofikicha macho, maana unaweza kuyakwaruza ukaongeza tatizo. Kumkabidhi mwenzake usukani kama mwenzake hajapigwa. Kisha kuwaarifu waongoza ndege. Lakini dada na kaka mnaosikiliza, helikopta nyingi zina rubani mmoja. Hana wa kumkabidhi. Ina kioo kikubwa mbele hadi miguuni, inaruka chini, inakwenda polepole, na pengine imebeba mgonjwa.

BARAKA: Hilo la helikopta ya wagonjwa ndilo lililotokea Fresno, California, mwaka 2012. Mtu alimulika helikopta ya hospitali, halafu polisi walipotuma helikopta yao kumtafuta, akaimulika na hiyo.

MWANAIDI: Na ndivyo wengi wanavyokamatwa. Mwale wa leza una ncha mbili. Helikopta ya polisi ina kamera ya joto, inaona umesimama ua gani, inawaelekeza askari wa chini mpaka mlangoni kwako.

BARAKA: Yule wa Fresno alihukumiwa miaka 14 mwaka 2014. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikatengua sehemu kubwa ya hukumu, ikasema hakuna ushahidi kwamba alikusudia kuangusha chombo; kosa la kumulika likabaki. Mimi naona mahakama ya rufaa ilikuwa sahihi. Upumbavu mkubwa ni kosa, lakini haulingani na nia ya kuua.

MWANAIDI: Nakubaliana nawe, ingawa nisingependa mtu asikie hapo akadhani ni jambo dogo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2012 inatoa hadi miaka mitano kwa kumulika tu, na faini ya mamlaka ya anga ni jambo jingine, inaweza kuvuka dola 30,000. Ninayoipenda zaidi ni ya Uingereza ya 2018. Haiwabebeshi waendesha mashtaka mzigo wa kuthibitisha kwamba ulitaka kuhatarisha. Inatosha kwamba mwanga wako ulimtia kiwi cha macho au ulimvuruga anayeongoza chombo, au ulielekea kufanya hivyo, na inahusu treni, basi na meli pia.

BARAKA: Hiyo ilikuja baada ya ile ndege ya Virgin Atlantic?

MWANAIDI: Miaka miwili baada yake. Februari 2016, ilipaa Heathrow kwenda New York na abiria zaidi ya 250. Ikapigwa leza muda mfupi baada ya kupaa. Rubani msaidizi akaanza kujisikia vibaya, na walipokuwa wameshaivuka Ireland, wakaamua kurudi London. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini fikiria: ndege nzima, mafuta, watu na safari zao, kwa ajili ya mtu mmoja na kitochi.

BARAKA: Na mara ngapi haya yanatokea?

MWANAIDI: Marekani peke yake, mwaka 2010 ziliripotiwa mara 2,836. Mwaka 2023, mara 13,304. Mwaka 2024, mara 12,840. Hizo ni kama 35 kila siku.

BARAKA: Na ndege haijaanguka.

MWANAIDI: Kwa ndege za abiria, hakuna ajali iliyothibitishwa kusababishwa na leza. Tunawashukuru marubani kwa hilo, na ule utaratibu wa kuwa wawili. Lakini 35 kila siku, siku zote, ni kumjaribu Mungu.

BARAKA: Hata huku kwetu jirani, Djibouti. Mei 2018 Marekani ililalamika kwamba leza kali kutoka upande wa kambi ya China ziliwapiga marubani wa ndege ya mizigo ya C-130, wawili wakapata majeraha madogo ya macho. China ikakanusha.

MWANAIDI: Hao ni wanajeshi na mambo yao. Mimi wananihangaisha zaidi watoto.

BARAKA: Mimi pia. Mimi nimekulia Gongo la Mboto. Ndege zikitua kutokea upande ule zinapita juu yetu chini kabisa, unahesabu hadi magurudumu. Kila mtoto anatoka nje kuzitazama. Sasa siku hizi huyo mtoto ana kitochi cha leza alichonunuliwa kwa pesa ya soda. Unadhani atakielekeza wapi?

MWANAIDI: Ndiyo maana sitaki wazazi waseme "usifanye, utakamatwa" wakaishia hapo. Mtoto anataka kujua kwa nini. Mtoe nje usiku, kitochi mkononi mwako, mulika ukuta wa jirani wa karibu, kisha ukuta wa mbali, lakini si dirisha la mtu. Aone doa linavyokua kwa macho yake. Halafu mwambie ndani ya ndege kuna mtu anatafuta taa za uwanja.

BARAKA: Kabla hatujafunga, kuna swali la mwalimu mmoja. Anafundisha wanafunzi nyota, na anatumia leza ya kijani kuwaonyesha. Aache?

MWANAIDI: Asiache kufundisha nyota, tafadhali. Hata wanasayansi wakubwa kule Hawaii na Chile hurusha leza angani kwa ajili ya darubini zao, lakini huangalia kama kuna ndege, na ikikaribia leza inazimwa. Mwalimu afanye vivyo hivyo. Aende mbali na uwanja wa ndege na njia zake. Amweke mwanafunzi mmoja au wawili kazi yao iwe anga tu, kutazama na kusikiliza. Ndege ikionekana hata kwa mbali, kidole kinatoka kwenye kitufe. Na leza ikae mkononi mwa mwalimu.

BARAKA: Basi mwalimu, umesikia. Kama kuna msikilizaji aliye rubani au mwongoza ndege, tuandikie, tungependa tukualike.

MWANAIDI: Wiki ijayo tuna mgeni kutoka Zanzibar, tutazungumzia boti za usiku na taa zake. Usiku mwema.