Kupima Mwelekeo wa Kisiasa wa Wanafunzi na Wahadhiri wa Chuo Kikuu

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wageni wetu, habari za jioni.

Uchaguzi ukikaribia, madai ni yale yale: vyuo vikuu vimetekwa na mrengo fulani, wahadhiri wanawageuza watoto wa watu. Anayedai huja na asilimia mkononi, na anayempinga huja na ya kwake. Jioni hii nataka tuzifungue asilimia hizo tuone zinatengenezwaje, kisha niseme na wale mnaojiandaa kufanya utafiti wa namna hii chuoni kwenu.

Mwaka 2006 wanasosholojia wawili wa Marekani, Neil Gross na Solon Simmons, walikusanya majibu ya wahadhiri 1,417. Kila mmoja alijiweka mwenyewe kwenye ngazi saba, kuanzia mliberali kabisa, yaani wa mrengo wa kushoto, hadi mhafidhina kabisa, yaani wa mrengo wa kulia, na katikati yake kukiwa na "mliberali kidogo", "wa katikati" na "mhafidhina kidogo". Watafiti waliwaweka wote wa "kidogo" kundi moja na wa katikati. Wakapata waliberali asilimia 44, wa katikati karibu 47, wahafidhina 9. Sasa chukua majibu hayo hayo, warudishe wa "kidogo" kila mmoja upande wake: waliberali wanakuwa 62, wa katikati 18, wahafidhina karibu 20. Hakuna aliyebadili jibu. Kilichobadilika ni mahali mkato ulipopita. Wenyewe walieleza sababu yao, kwamba kwenye maswali ya sera hao wa "kidogo" hawakuwa sawa na waliberali au wahafidhina kamili, na naona hoja hiyo ina uzito. Lakini anayenukuu 44 bila kusema hivyo, na anayenukuu 62 bila kusema hivyo, wote wawili wanampotosha msomaji.

Njia nyingine haimuulizi mtu chochote. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani daftari la wapiga kura huonyesha chama ambacho mtu amejiandikisha nacho. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulitafuta majina ya maprofesa 7,243 wa vyuo 40 katika fani tano: uchumi, historia, uandishi wa habari, sheria na saikolojia. Walioonekana kwenye chama cha Democratic, kinachoelekea kwa waliberali, walikuwa 3,623, na wa Republican, kinachoelekea kwa wahafidhina, 314. Uwiano ukatangazwa: 11.5 kwa 1. Toeni wenyewe kwenye wale 7,243. Wanabaki watu 3,306, karibu asilimia 46 ya waliotafutwa, ambao hawamo kabisa kwenye uwiano ule, kwa kuwa hawakupatikana daftarini au hawakujiandikisha na mojawapo ya vyama hivyo viwili. Pia uhandisi, kilimo, udaktari na biashara havikuguswa. Hata ndani ya fani tano zenyewe tofauti ni kubwa: uchumi 4.5 kwa 1, historia 33.5 kwa 1. Ukisema "chuo" umezificha tofauti hizo zote. Tangu utafiti mkubwa wa Tume ya Carnegie ya elimu ya juu ya Marekani wa mwaka 1969, uliofikia wahadhiri wapatao 60,000, mpangilio huu unajulikana: sayansi za jamii huwa upande wa kushoto zaidi, na kilimo kiko mwisho wa upande wa pili.

Sasa tuingie kazini. Tuseme chuo kina wanafunzi 12,000 na wanataaluma 600. Kosa la kwanza ni kuwachanganya. Ukichukua sampuli moja ya watu wote, wanataaluma watakuwa mmoja kati ya kila 21, na utakachoita maoni ya chuo ni maoni ya wanafunzi tu. Hizi ni tafiti mbili, kila moja na orodha yake.

Orodha ya wanafunzi hutoka kwa msajili, na haiji safi. Ina walioahirisha masomo, waliomaliza lakini hawajafutwa, wa masomo ya jioni na wa masafa. Amua mapema nani anahesabiwa, uandike uamuzi huo kabla hujaona jibu hata moja. Ya wanataaluma hutoka ofisi ya utumishi, na huko swali gumu ni la walimu wa muda. Katika vyuo vingi wao ndio wanaofundisha madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza, lakini hawamo kwenye orodha ya waajiriwa wa kudumu. Ukiwaacha, unapima watu wenye usalama wa kazi peke yao.

Ukubwa wa sampuli huwashangaza wengi. Kwa makosa yasiyozidi pointi 5 juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, wanafunzi 12,000 wanahitaji majibu 373. Wanataaluma 600 wanahitaji 235. Idadi ya watu imepungua mara ishirini, sampuli haikupungua hata nusu. Ukitarajia wanne kati ya kumi wajibu, lazima uwatumie dodoso wanafunzi 933 na wanataaluma 588. Kwa wanataaluma basi usihangaike na kuchagua, watumie wote 600. Na kumbukeni, 373 hizo ni za picha ya chuo kizima. Ukitaka kusema jambo kuhusu kitivo kimoja, hesabu inaanza upya kwa kitivo hicho.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika kazi hii ni kweli kabisa. Tuseme asilimia 40 wamejibu, na sita kati ya kumi wanasema wako mrengo wa kushoto. Kama katika wale asilimia 60 walionyamaza wa kushoto ni watatu tu kati ya kumi, ukweli wa chuo si 60, ni 42. Kuongeza sampuli hakutibu hili. Jarida la Marekani la Literary Digest lilipata majibu zaidi ya milioni mbili kabla ya uchaguzi wa rais wa 1936, likamtabiria Landon wa Republican ushindi, na Roosevelt wa Democratic akachukua majimbo 46 kati ya 48.

Kinachosaidia kidogo ni kurekebisha uzani, yaani kulipa kila jibu uzito unaolingana na ukubwa halisi wa kundi lake. Kama kitivo cha sayansi za jamii kina moja ya tano ya wanafunzi lakini kimeleta mbili ya tano ya majibu, kila jibu lake lihesabiwe nusu, na mengine yapewe uzani wa 1.33. Ikiwa kitivo hicho kina asilimia 70 ya wa kushoto na kwingine ni 40, hesabu ghafi inatoa 52, iliyorekebishwa inatoa 46. Pale ambapo wa kushoto walizidi nusu, sasa hawazidi. Hata hivyo uzani hurekebisha kile unachokijua: kitivo, mwaka wa masomo, jinsia. Aliyenyamaza kwa sababu ya siasa yake yenyewe haupati uzani wake popote. Kwa hiyo linganisheni waliojibu mara ya kwanza na waliojibu baada ya kukumbushwa mara tatu. Ikiwa majibu yanasogea upande mmoja kila ukumbusho unapotoka, waliokaa kimya yaelekea wako mbali zaidi upande huo.

Kuhusu maswali. Kushoto na kulia si lugha ya siasa ya kila nchi. Kuna mahali watu hugawanyika kwa eneo, kwa dini, kwa msimamo juu ya chama kilichoko madarakani, na mwanafunzi akipewa ngazi ya 0 hadi 10 ataweka alama kwenye 5 kwa sababu hajui afanye nini nayo. Tano hiyo siyo ya mtu wa katikati. Weka kisanduku cha "sijui" mbali na ngazi yenyewe, na uulize vitu vitatu tofauti: mtu anajiitaje, angepigia chama gani, na anasimama wapi kwenye sera sita au nane zinazobishaniwa kweli. Vitatu hivyo mara nyingi havikubaliani, na kutokubaliana huko ndiko kwenye habari.

Nusu ya kauli ziandikwe zikielekea upande mmoja na nusu upande wa pili, maana watu hupenda kusema "nakubali". Na kauli kama "Serikali ipunguze kodi na iongeze mikopo ya wanafunzi" itupwe. Anayekubali kipande kimoja hana pa kuweka alama.

Kuna maswali mtu hatajibu ukweli hata umuapie. Hapo itumike mbinu ya orodha. Gawa wahojiwa nusu kwa nusu kwa bahati nasibu. Nusu moja wapewe kauli nne za kawaida waseme wanakubali ngapi, bila kusema zipi. Nusu ya pili wapewe hizo nne pamoja na ile nyeti. Wastani ukiwa 1.9 kwa wa kwanza na 2.2 kwa wa pili, tofauti ya 0.3 inakuambia takriban asilimia 30 wanaikubali kauli nyeti, na hakuna mtu aliyejianika. Gharama yake ni kwamba kiwango cha makosa hupanda sana. Kwa wanataaluma 600 haifai, kwa wanafunzi jaribuni.

Na je, wahadhiri wanawageuza wanafunzi? Theodore Newcomb, mwanasaikolojia wa jamii, alilichunguza swali hili chuo cha Bennington, Vermont, Marekani, kati ya 1935 na 1939. Kilikuwa chuo kipya cha wasichana, wengi wao kutoka familia tajiri za kihafidhina, na walimu wengi walikuwa waliberali. Kwenye kura ya majaribio ya urais ya 1936, asilimia 62 ya mwaka wa kwanza walimtaka Landon, na 15 tu ya miaka ya mwisho. Wengi huishia hapo wakasema walimu wamefanya kazi yao. Lakini hao ni wasichana tofauti, walioingia miaka tofauti, na wengine walikwisha kuondoka. Newcomb alilijua hilo, ndiyo maana aliwafuata wale wale mwaka baada ya mwaka, na akakuta kwamba aliyebadilika zaidi alikuwa yule aliyetaka kukubalika na wenzake, kwa sababu wasichana walioheshimika chuoni walikuwa waliberali. Shinikizo la wenzao lilikuwa na nguvu kubwa. Mkitaka kusema chuo kinabadilisha watu, pimeni wale wale wakiingia na wakitoka, na mpate kundi la vijana wa rika lao wasiosoma chuo. Bila hilo kundi mtakuwa mmepima umri.

Mwisho, usalama wa waliojibu. Faili la majina likae kwa mtu mmoja na la majibu kwa mwingine, na anwani za kompyuta zisirekodiwe kabisa. Idara yenye watu tisa, ukichapisha jedwali lake kwa cheo na jinsia, profesa mwanamke aliye peke yake amekwisha kutajwa hata kama jina halimo. Kundi lenye majibu chini ya kumi liunganishwe na jingine. Chama cha siasa, uongozi wa chuo na mfadhili wasipate data ghafi, na hilo liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa dodoso, kabla ya swali lolote. Ukusanyaji uwe wiki tatu, ukumbusho siku ya 4, ya 10 na ya 17, usigongane na mitihani wala na wiki ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Faili la majina lifutwe siku ukusanyaji unapofungwa. Kama mnawafuatilia wale wale miaka kadhaa, majina yasihifadhiwe. Kila mhojiwa ajitengenezee namba ya siri anayoweza kuikumbuka, kwa mfano herufi mbili za mwanzo za jina la mama na tarehe aliyozaliwa.