Karatasi Iliyokosa wa Kuipokea

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, vijana, asanteni kwa kunialika. Mada mliyonipa ni pana, "urithi wa viongozi wa kikomunisti wa China", na najua wengi wenu mmekuja na majibu tayari. Wapo wa Mao, mwasisi wa jamhuri ile, wapo wa Deng Xiaoping, kiongozi wa mageuzi ya uchumi baada yake, wapo walioumizwa na habari za wanafunzi wa uwanja wa Tiananmen, waliokandamizwa na jeshi Juni 1989. Mimi nitaanza pale ninapoanzia siku zote, kwenye ngazi.

Ni tarehe 22 Aprili 1989. Ndani ya Ukumbi Mkuu wa Umma, Beijing, anaagwa Hu Yaobang. Huyu alikuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti hadi Januari 1987, alipolazimishwa kujiuzulu kwa kuonekana amewalegezea kamba wanafunzi walioandamana. Nje, katika uwanja wa Tiananmen, wamejaa wanafunzi makumi kwa maelfu. Waliingia usiku, kabla uwanja haujafungwa, wakakesha pale juu ya mawe kama tunavyokesha sisi msibani. Shughuli ilipokwisha, watatu kati yao wakapanda ngazi za ukumbi na kupiga magoti. Mmoja ameinua juu ya kichwa, kwa mikono miwili, karatasi ndefu iliyoviringishwa kama mkeka. Wanaomba jambo moja tu: Waziri Mkuu Li Peng atoke aipokee.

Mle ndani ya karatasi mlikuwa na nini? Kwamba jina la Hu lisafishwe. Kwamba viongozi watangaze mapato yao na ya familia zao. Magazeti yawe huru, elimu iongezewe fedha, maandamano yasizuiwe. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Chama king'oke. Nimeirudia orodha hii miaka nenda miaka rudi, na bado nakutana na wasomi wanaoniambia kwamba vijana wale walikuja kupindua serikali. Aliyekuja kupindua serikali hapigi magoti!

Wakakaa pale. Magoti juu ya jiwe, mikono juu, nyuma yao wenzao wengine wanalia, wengine wanawapigia kelele wainuke, maana kupiga magoti ndivyo raia alivyomwendea mfalme zama zile, na jamhuri ilikuwa inakaribia kutimiza miaka 40. Li Peng hakutoka. Wakainuka, wakashuka na karatasi yao.

Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, mbona unakaa sana kwenye ngazi hizo? Si kuna vifaru, kuna yule mtu aliyesimama peke yake mbele ya safu ya vifaru tarehe 5 Juni?" Nakaa hapo kwa sababu vifaru viliingia mwezi Juni, lakini mlango ulifungwa Aprili. Siku nne baadaye, tarehe 26, gazeti la Chama likachapa tahariri ikiyaita yote hayo ghasia. Neno hilo likishatamkwa na wakubwa, kulirudisha ni vigumu. Mgomo wa kula wa wanafunzi ulioanza tarehe 13 Mei ulidai, pamoja na mengine, neno hilo lifutwe.

Na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hili huwa linarukwa. Haikuwa mara ya kwanza. Waziri Mkuu Zhou Enlai alifariki Januari 1976. Mwezi Aprili, siku ya kuzuru makaburi, watu wa Beijing walijaa katika uwanja huohuo wakiwa na mashada ya maua na mashairi, wakayaegemeza kwenye mnara wa mashujaa. Walikuwa wanamlilia Zhou, lakini kila mtu alijua wanaowasema ni viongozi walio hai. Usiku mashada yakazolewa. Asubuhi watu wakakuta mnara mtupu, wakawaka hasira, wakatawanywa kwa virungu, na tukio likapewa jina: la kupinga mapinduzi. Na nani alivuliwa vyeo siku mbili baadaye, akidaiwa kuwa nyuma ya waombolezaji hao? Deng Xiaoping! Deng huyuhuyu.

Novemba 1978 hukumu ile ikafutwa. Chama chenyewe kikatangaza kwamba waombolezaji wa 1976 walikuwa wanamapinduzi halisi, na tangazo hilo likamsaidia Deng kushika usukani. Kwa hiyo mtu aliyeangushwa kwa sababu ya matanga ya Tiananmen, akainuliwa na matanga hayohayo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Tume Kuu ya Kijeshi askari walipoingia mjini usiku wa tarehe 3 Juni 1989. Anayetaka kuzungumzia urithi wa Deng aanzie hapo. Alijua kwa mwili wake kwamba umati unaweza kuitwa adui leo na kuitwa shujaa kesho, na bado akatoa amri.

Sasa nawasikia. "Lakini Deng aliwalisha watu." Ndiyo, na sitaki kulipunguza hilo hata chembe. Mamia ya milioni ya watu kutoka katika umaskini wa kutisha ni jambo ambalo dunia haikuwahi kuliona. Ninachokataa ni ile sentensi inayofuata, kwamba bila risasi za Juni mkate usingepatikana. Tazameni tarehe. Mwishoni mwa 1978, katika kijiji cha Xiaogang mkoani Anhui, wakulima 18 walikutana kwa siri usiku, wakagawana mashamba ya pamoja, wakapiga dole gumba kwenye karatasi. Walikubaliana kwamba akifungwa mmoja wao, waliobaki watawalea watoto wake mpaka wafike miaka 18. Hiyo ndiyo Anhui iliyokuwa miongoni mwa mikoa iliyoumizwa zaidi na njaa ya 1959 hadi 1961, njaa ya Mao iliyoua watu makumi ya milioni. Mageuzi yalianzia kwa watu wenye njaa waliothubutu, miaka zaidi ya kumi kabla ya vifaru. Na baada ya vifaru? Uchumi ulidorora, ukuaji ukashuka hadi karibu asilimia 4 mwaka 1989 na 1990, wahafidhina wakapata nguvu, mpaka Deng, mzee wa miaka 87, akasafiri kwenda kusini mwaka 1992 kuyasukuma mageuzi upya.

Na mtu wa pili katika hoja hii ya mkate ni Zhao Ziyang. Akiwa kiongozi wa mkoa wa Sichuan aliwalegezea wakulima, nafaka ikaongezeka, wakatunga msemo kwamba ukitaka nafaka mtafute Ziyang. Akawa Waziri Mkuu. Wazee mliopo hapa mtakumbuka, Januari 1983 alikuja Dar es Salaam, na ni hapahapa alipotangaza kanuni nne za ushirikiano wa kiuchumi wa China na Afrika. Tunaisifu reli ya TAZARA, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, na tuna haki ya kuisifu. Baba yangu mdogo aliifanyia kazi upande wa Mlimba na hadi anafariki alikuwa akiwataja Wachina aliofanya nao kazi kwa heshima. Lakini mgeni wetu Zhao tumemsahau kabisa.

Alfajiri ya tarehe 19 Mei 1989, Zhao, wakati huo Katibu Mkuu, alishuka uwanjani kwa waliogoma kula. Ameshika kipaza sauti kidogo cha mkononi, uso umechoka, pembeni yake amesimama Wen Jiabao, ambaye miaka 14 baadaye atakuwa Waziri Mkuu. Akawaambia, "Tumechelewa mno kuja." Akawasihi wale chakula, wasiharibu afya zao, wao bado vijana. Haikupita siku mbili amri ya kijeshi ikatangazwa. Zhao akavuliwa madaraka na kuwekwa kifungo cha nyumbani mpaka alipofariki Januari 2005. Majivu yake hayakuzikwa mpaka Oktoba 2019. Nchi inayoogopa majivu ya mzee kwa miaka 14 haijamaliza mjadala na historia yake, hata iwe na treni za kasi kiasi gani.

Kuna hoja nyingine huwa naletewa: "Hakuna aliyefia uwanjani, ni uzushi wa Wamagharibi." Ni kweli kwamba waliouawa wengi hawakufia katikati ya uwanja. Waliuawa kwenye barabara za kuingilia, hasa Muxidi, upande wa magharibi, na wengi wao walikuwa wakazi wa mji na wafanyakazi waliotoka majumbani kuwazuia askari. Sasa hiyo inampunguzia nani lawama?

Kuhusu Mao na ile hesabu anayopimwa nayo, asilimia 70 mema na 30 makosa, nitasema kifupi kwa sababu muda unaniishia. Azimio la 1981 lililosema mema yake ndiyo makubwa lilipitishwa na Kamati Kuu ya Chama. Aliyezika watoto wake Anhui hakuitwa mezani. Hilo ndilo swali ninalowaomba vijana mnaokwenda kusoma pale shule ya uongozi ya Mwalimu Nyerere, Kibaha, muwe nalo mfukoni: mizani imeshikwa na nani?

Hong Kong nilitaka kuizungumza kwa kirefu. Mishumaa ya kuwakumbuka waliouawa iliwashwa Victoria Park huko kila tarehe 4 Juni tangu 1990, ikapigwa marufuku 2020. Novemba 2022, baada ya watu 10 kufa katika moto wa Urumqi, mji wa kaskazini-magharibi mwa China, vijana walisimama mitaani na karatasi nyeupe zisizoandikwa neno. Oktoba 2023 alipofariki Li Keqiang, Waziri Mkuu wa zamani, watu wa mji wa Hefei, Anhui, walijaza maua mtaa alikokulia. Mnaona ni matanga tena.

Nimalize na mama mmoja. Ding Zilin alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Usiku wa tarehe 3 Juni alimkataza mwanawe wa miaka 17 asitoke. Kijana akaingia bafuni, akafunga mlango, akatokea dirishani. Alipigwa risasi Muxidi. Mama huyo na wenzake waliofiwa wamekusanya majina ya zaidi ya watu 200 waliouawa, nyumba kwa nyumba, huku wakifuatwa na polisi. Madai yao ni matatu: ukweli usemwe, fidia ilipwe, waliohusika wawajibishwe. Wameyaandika kwa barua, mwaka baada ya mwaka, kwa viongozi waliofuata, na hakuna aliyewajibu.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nipo tayari kwa maswali.