Shahada ya Muziki Marekani: Soma Herufi za Cheti Kabla ya Kusoma Bei

Haya, karibuni. Video ya leo ni ya kijana mwenye kipaji cha kinanda, sauti au tarumbeta, na ya mzazi aliyekaa pembeni yake akijiuliza kama shahada ya muziki Marekani italipa. Inaweza kulipa. Ila wengi huanza kwa kutafuta jina kubwa la chuo, na hapo ndipo hela inapopotelea. Anza na herufi zitakazoandikwa kwenye cheti. Herufi hizo ndizo zinazoamua utasoma nini, utamaliza lini, na nani atakuajiri.

Ukiona BM, hiyo ni shahada ya muziki ya kitaaluma. Karibu theluthi mbili ya masomo yako yatakuwa muziki mtupu: somo la ala yako na mwalimu mmoja kwa mmoja, nadharia, mafunzo ya sikio, historia, kwaya au okestra. Ukiona BA, shahada ya sanaa, muziki ni kama theluthi moja tu, na nafasi inayobaki unaweza kuijaza na fani ya pili. Zote mbili kwa kawaida ni krediti 120 au zaidi, krediti ikiwa kipimo cha uzito wa somo. Chombo kinachotoa ithibati kwa shule za muziki kinaitwa National Association of Schools of Music, kimekuwepo tangu 1924, na orodha ya wanachama wake iko wazi mtandaoni. Vipo vyuo vizuri visivyokuwemo humo, lakini ithibati ya chuo kizima lazima iwepo, maana ukirudi nyumbani mamlaka ya vyuo vikuu itaangalia hiyo kwanza kabla ya kukitambua cheti chako.

Sasa ndani ya BM kuna matawi, na thamani yake kwenye soko la ajira haifanani hata kidogo.

Upigaji au uimbaji, yaani performance, ndilo tawi linalotamaniwa na wengi, na ndilo lisilo na leseni wala cheo kinachokusubiri mwishoni. Okestra haiulizi cheti chako. Inakuweka nyuma ya pazia na kukusikiliza. Hata idara ya takwimu za kazi ya serikali ya Marekani hutoa malipo ya wanamuziki kwa saa tu, haitoi ya mwaka, kwa sababu wengi wao hawafanyi kazi mwaka mzima kwa saa zote. Msimamo wangu ni huu: kama ada inatoka mfukoni mwa familia, usichukue tawi hili isipokuwa ufadhili umefunika karibu kila kitu.

Elimu ya muziki ni habari nyingine. Shule nyingi za umma za Marekani zina bendi, kwaya au okestra, na kwa kawaida zinahitaji mwalimu mwenye leseni. Shahada hii inakufundisha kushika ala za kila kundi, za pumzi, za nyuzi na ngoma, kuongoza kwaya, na mwishoni unakaa muhula mzima darasani ukifundisha chini ya mwalimu mkongwe. Muhula huo una mtego wake: unalipa ada kamili kama kawaida, na muda wa kufanya kazi chuoni huna. Uuweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Leseni pia ni ya jimbo, si ya nchi nzima, kwa hiyo ukihamia jimbo lingine kuna makaratasi upya.

Tiba ya muziki wengi wetu hatuijui, na inasikitisha, kwa sababu ni kazi halisi ya hospitali, nyumba za wazee na shule za watoto wenye mahitaji maalumu. Chuo kikuu cha Michigan State kilianzisha mafunzo yake ya shahada mwaka 1944. Unahitaji saa 1,200 za mafunzo ya vitendo, halafu mtihani wa taifa, ndipo unaruhusiwa kuandika MT-BC, herufi za mtaalamu wa tiba ya muziki aliyethibitishwa, baada ya jina lako. Na hata kama ala yako ni filimbi, lazima uweze kuimba, kupiga gitaa na kupiga piano kwa kiwango cha kumsindikiza mgonjwa.

Kuna pia teknolojia ya muziki na uhandisi wa sauti. Hapa mwanafunzi wa kigeni afungue macho. Ukimaliza shahada yoyote kwa viza ya mwanafunzi, F-1, unapata miezi 12 ya kufanya kazi kwenye fani yako, mpango unaoitwa OPT. Fani zilizomo kwenye orodha ya serikali ya sayansi na uhandisi huongezewa miezi 24. Shahada ya upigaji haimo. Shahada mbili za teknolojia ya muziki zenye majina yanayofanana zinaweza kutofautiana: moja iko chini ya kitivo cha uhandisi, nyingine chini ya kitivo cha sanaa. Kinachoamua ni namba ya fani yenye tarakimu sita, CIP, ambayo itaandikwa kwenye fomu yako ya I-20, ile chuo kinakupa ya kuombea viza. Iulize kabla ya kuomba, kisha ilinganishe mwenyewe na orodha ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Georgia Tech, chuo cha umma, kina shahada ya teknolojia ya muziki. Rochester kina ya uhandisi wa sauti na muziki. Hesabu na fizikia za sekondari zitahitajika, usizitupe.

Sasa bei. Bei ya tangazo na bei utakayolipa ni vitu viwili, kwa hiyo tuipige hesabu polepole. Namba hizi ni za mfano tu, za kubuni.

Chuo cha kwanza ni cha binafsi. Ada dola 52,000 kwa mwaka, wamekupa ufadhili wa 30,000, na ukoo mzima unashangilia. Inabaki 22,000. Ongeza malazi na chakula 18,000, bima ya afya 3,500, michango midogo midogo 1,500. Unalipa 45,000. Chuo cha pili ni cha umma, kimekupa 2,000 tu na hakuna aliyeshangilia. Lakini ufadhili huo umekushusha kutoka ada ya mtu wa nje ya jimbo, 24,000, hadi ada ya mkazi, 11,000. Toa 2,000, inabaki 9,000. Malazi na chakula 12,000, bima 3,000, michango 2,000. Jumla 26,000. Tofauti ni 19,000 kila mwaka, yaani 76,000 kwa miaka minne. Na bado: ada ya chuo cha kwanza ikipanda asilimia 4 kila mwaka huku ufadhili umesimama palepale, utaongeza karibu 12,800 nyingine kabla hujamaliza. Swali la kuwauliza ni hili: je, ufadhili huu hupanda na ada, na ni wastani gani wa alama unaotakiwa ili nisiupoteze?

Kule kushuka hadi ada ya mkazi sikukutunga. Sheria ya Texas inaruhusu mwanafunzi kutoka nje, hata wa nchi nyingine, aliyepata ufadhili wa ushindani wa angalau dola 1,000 kwa mwaka kutoka chuo cha umma cha jimbo hilo, alipe ada ya mkazi. Nafasi zina kikomo, na ufadhili lazima uwe umeshindaniwa na wakazi pia. Chuo kimoja kinachoingia humo ni University of North Texas, mjini Denton, chuo cha kwanza Marekani kutoa shahada ya jazi, mwaka 1947. Majimbo mengine yana taratibu zao, basi kila chuo cha umma kiulize: ufadhili wa muziki unanishusha ada ya nje ya jimbo?

Vipo vya bure kabisa, na ni vigumu kuingia. Curtis, Philadelphia, haijatoza ada ya masomo tangu 1928. Colburn, Los Angeles, kwenye konsavatori yake, yaani shule ya kufunza wanamuziki wa kulipwa, inalipia ada, malazi na chakula. Shule ya muziki ya Yale haitozi ada, lakini ni ya wenye shahada ya kwanza tayari. Ukikubali BA, mlango unapanuka: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wa familia wanapochagua, hata kwa wageni, na wanaziba pengo lote la mahitaji yako. Berea, Kentucky, haitozi ada, kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki, na muziki upo. Kwao matokeo ya darasani yana uzito mkubwa kuliko vidole vyako.

Njia ya kuanza chuo cha jamii (community college) miaka miwili kisha kuhamia chuo kikuu inapunguza gharama kwenye fani nyingi. Kwenye muziki inahitaji uangalifu. Nadharia na mafunzo ya sikio hufuatana kwa mihula minne kama ngazi, na vyuo vingi hufungua kila daraja mara moja tu kwa mwaka. Ukihamia, unapewa mtihani wa kupangiwa daraja. Ukiangukia daraja la pili badala ya la nne, umeongeza mwaka. Hivyohivyo kwa aliyeanza chuo kikuu moja kwa moja: kufeli Nadharia ya Pili kunaweza kumaanisha kusubiri hadi mwaka unaofuata, huku viza inakulazimisha kuendelea na krediti 12 kila muhula, za masomo usiyoyahitaji. Hii ni sababu mojawapo ya watu kumaliza kwa miaka mitano. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, jifunze nota za mistari mitano mpaka uzisome bila kuhesabu kwa kidole. Waliolelewa kwenye kwaya za solfa wana sikio zuri sana, na watafaidika nalo, lakini mtihani wa siku ya kwanza uko kwenye mistari mitano. Ukiweza kufikia gredi ya 5 ya nadharia ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, utaanza na msingi mzuri.

Tuje kwenye video ya mchujo, ile unayotuma ili wachague wa kuwaita kwenye odisheni, yaani kusikilizwa na jopo la walimu, maana inatumwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Shule nyingi hufunga mwanzoni mwa Desemba kwa masomo ya Agosti inayofuata, odisheni ni Januari hadi Machi, na tarehe 1 Mei ndiyo mwisho wa kuamua. Piano ya klasiki kwa kawaida wanataka pireludi na fugi ya Bach, sonata ya kipindi cha klasiki, kipande cha karne ya 19, na mara nyingi etudi, vyote bila kuangalia karatasi. Rekodi kila kipande kwa mkupuo mmoja, usiunganishe vipande. Kamera ikae upande wa kulia wa mpigaji, ionyeshe mikono, kibao chote na uso kwa pamoja. Simu inatosha, ila zima kile kinachorekebisha sauti chenyewe, kwa sababu kinapandisha sehemu za sauti ndogo na kushusha za sauti kubwa, na jopo linakusikia kama mtu asiyejua kupiga kwa sauti ndogo wala kwa nguvu. Piano ifanyiwe chuningi siku hiyohiyo au jana yake. Chagua kipande unachokimudu kuliko kigumu kinachokutoa jasho. Jopo linasikiliza mapigo yaliyotulia, sauti ya ala na sentensi za muziki, na hayo hayajifichi hata kwenye kipande chepesi.

Jambo linalowaponza wengi wakishafika: kupiga muziki kwa malipo nje ya chuo. Viza ya F-1 inaruhusu kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kupiga kinanda kanisani Jumapili ukapewa bahasha ni kazi nje ya chuo, hata kama ni dola 50, na bila kibali inaweza kuharibu viza yako yote. Mafunzo kazini yanayoitwa CPT yanawezekana baada ya mwaka mmoja wa masomo, yakiwa sehemu ya mtaala na yameandikwa kwenye I-20. Kwenye OPT mambo yanalegea: wanamuziki wanaruhusiwa kuwa na waajiri wengi wa muda mfupi, mradi uweke orodha ya kila onyesho, tarehe na muda wake, na usipitishe siku 90 bila kazi. Daftari hilo lianze siku ya kwanza.

Kabla ya kukubali, ingia kwenye College Scorecard, tovuti ya wizara ya elimu ya Marekani, uangalie kipato cha wahitimu wa fani hiyo kwenye chuo hicho. Ujue tu kwamba inahesabu waliopata misaada ya serikali, wageni hawamo, na idara ndogo mara nyingi hazina namba. Kwa hiyo mwandikie mkuu wa idara mwenyewe, kwa upole, maswali matano: wahitimu wa tawi langu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi, nani hasa atanifundisha ala yangu, profesa au mwanafunzi wa uzamili, masomo ya ala na mpiga piano wa kunisindikiza yanalipiwa zaidi ya ada, wangapi humaliza kwa miaka minne, na fani hii ina CIP gani. Swali la mwalimu lisikwepwe, na uombe somo moja la majaribio kwa video. Walimu wengi hukubali. Chuo kitakachokujibu yote matano kwa maandishi kiweke juu ya orodha. Kinachokujibu kwa kukutumia kipeperushi chenye picha, kiulize tena mara moja, halafu songa mbele.